Mengineyo

Swali la ishirini na saba husomwa taratibu.
Kabla hujalisoma, funga mlango,
tazama dirishani, mtume dukani mtoto anayeelewa.
Ndivyo tulivyofundishwa siku mbili, kwa chai na maandazi,
kisha tukapewa vishikwambi
tukapande mawe ya Bugarika.

Nabintu anacheka ninapousukuma mlango ufunge.
“Ungekuja Februari, ungefunga nini? Pazia?”
Mlango ni wa msonobari, haujapakwa rangi,
una makomeo mawili, moja juu, moja chini, yote kwa ndani.
Laki na ishirini ya kwanza iliingia Jumanne;
Jumatano alishuka Mabatini kwa fundi,
akapanda nao kichwani, jiwe kwa jiwe,
watoto wakimfuata kama harusi.

Nauliza: fedha ulizitumia kwa nini?
Chakula. Kodi. Ada. Matibabu. Mtaji.
Mlango haumo.
Nagusa neno la mwisho kabisa, Mengineyo,
na kishikwambi kinashukuru, kinaendelea.

Nani alikuwa akilifunua lile pazia usiku
hajamtaja, nami sina swali la jina lake.
“Kituoni wangeniuliza kwanza kibali,” anasema,
“ndipo waniulize shingo.”

Mwaloni, Kirumba. Kapitolina anajibu
huku mikono ikigeuza dagaa juani,
korongo wamesimama kando kama wakusanya ushuru.
“Simu ililia nikiwa hapa hapa.
Mume wangu akaisikia kutoka kisiwani Kome.”
Miaka miwili hakuwa na nauli ya kivuko;
Jumamosi ile akaipata.
Vurugu zimeongezeka, zimepungua, au zimebaki vilevile?
“Malipo ya pili, ziliongezeka. Ndilo hili pengo.
Ya tatu, nilichomoa laini nikaishonea kwenye pindo la gauni.
Ya nne, nilihama, hajui. Andika.”
Chagua jibu moja, kinasema kishikwambi, kwa herufi nyekundu.
Nachagua. Sitasema nilichagua lipi.

Niseme na langu, maana hakuna dodoso la kuniuliza:
nalipwa elfu nane kwa kila fomu iliyokamilika.
Isiyokamilika haina bei.
Basi mwanamke mmoja wa Igoma aliponyamaza
katikati ya swali la ishirini na saba,
akautazama ukuta muda wa birika kuchemka,
nilihesabu dakika, kisha nikahesabu nauli,
kisha nikaona haya,
nikakizima kile kioo mapajani.
Tulikunywa chai yake. Hiyo pia haimo.

Capri Point, kwenye ukumbi unaolitazama ziwa,
Bwana Rwechungura anaonyesha nguzo za rangi ukutani.
Vurugu zimeshuka. Si uongo, zimeshuka.
Makofi. Maji ya chupa.
“Ila hii Mengineyo,” anasema, “mbona imenenepa hivi?
Isafisheni.”
Mlango ukaingia kwenye Makazi.
Laini iliyoshonwa, kwenye Mawasiliano.
Nauli ya kuhama usiku na watoto watatu na sufuria, Usafiri.
Kila kitu kikapata chumba chake,
na vyumba vyote havina komeo.

Malipo yalikoma Julai.
Septemba nilipanda tena, bila kishikwambi,
na kilo ya sukari kwenye mfuko.
Mwenye nyumba amepandisha kodi, Nabintu akaniambia,
tena amesema mlango ni mali ya nyumba,
akihama auache.

“Ukamjibuje?”

Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.
“Nilipanda nao. Nitashuka nao.”